Jumapili, Nyuma ya Stesheni

Gari la Zauri huingia saa nne; likichelewa, saa sita,
vioo vyake vimebeba vumbi la nchi tatu.
Limeshuka milima yetu, limekata Uturuki na Ugiriki,
likapanda meli ya usiku
mpaka hapa Bari, kwenye maegesho nyuma ya stesheni,
tunapolingoja sisi, wanawake wa siku moja ya mapumziko,
kila mmoja na mfuko mtupu uliokunjwa kwapani
na mfuko mwingine, uliojaa, miguuni.

Siku sita mimi ni mikono ya Sinyora Ersilia:
namwogesha, namkatia nyama, namtafutia meno yake.
Kwa Kitaliano najua "fungua mdomo", najua "taratibu",
najua majina ya dawa kumi na moja.
Kutania sijui.

Basi Zauri akifungua mlango wa nyuma
harufu hutangulia kushuka, abiria baadaye:
moshi, chumvi, uwatu.
"Jibini kilo ngapi, Lamara?"
Namwambia bei yake ni ya mwizi.
Ananiambia ng'ombe wa mwaka huu wamesoma mpaka chuo kikuu.
Namwambia, basi nipe la ng'ombe aliyefeli.
Wanawake wanacheka, na mimi, jamani, mimi niliyewachekesha,
nasimama pale kama mtu aliyeokota pochi yake mwenyewe.
Nusu yuro ananipunguzia, nusu yuro namrudishia.
Sikufuata pesa.

Natia mfukoni unga wa mahindi, ule mweupe
(wa huku ni wa manjano, na hautusikilizani mkononi);
mchuzi wa plamu mbichi, mchachu hadi jicho linajifumba,
ndani ya chupa ya soda yenye kifuniko cha soda nyingine;
uwatu kidogo, umefungwa kwa gazeti la mwezi uliopita
ambalo nitalisoma lote, hata matangazo ya matrekta.
Nanuli aliwahi kuupanda uwatu huu kwenye kopo, dirishani.
Ukaota vizuri.
Ukanukia nyasi.

Halafu zamu ya mfuko uliojaa.
Zauri anautundika kwenye mizani ya ndoano:
kilo kumi na mbili na robo, anasema, robo nakusamehe.
Kahawa. Mafuta ya zeituni, madebe mawili.
Tambi za hapa hapa, zenye umbo la masikio madogo,
kwa sababu Tekla, mwanangu, hataki nyingine.

Nilipoondoka alikuwa na miaka sita,
akila maharage yangu kwa mkate wa mahindi,
akiramba mpaka kiwiko.
Sasa ana kumi na tano.
Juzi kwenye simu nikamwuliza, leo mnakula nini?
Akasema, chakula cha nyumbani tu, mama.
Nikasikia maji yanachemka,
nikasikia kitunguu saumu kinatua kwenye mafuta,
mafuta niliyoyabeba kwa bega hili,
na sauti ya masikio madogo yakimwagwa sufuriani.
Na wewe? akauliza.
Chumbani kwangu maharage yalikuwa yameiva,
uwatu umeshapanda ukutani, umeingia kwenye sweta.
Nikasema, na mimi pia.

Hilo sikumwambia Nanuli.
Nimemsaidia kuinua ndoo yake ya kachumbari,
tumeligonga gari ubavuni, nenda salama,
nalo limegeuka na harufu ya kahawa.

Saa kumi na moja nimo mlangoni kwa Sinyora.
Anavuta pua kutoka kitini. Umeleta nini kinachonuka?
Jibini, namwambia.
Anakaa kimya, anawaza, anasahau anachowaza, anavuta pua tena.
Nipe kidogo.
Meno hayapo kwenye glasi.
Hayapo chini ya mto.
Napiga magoti, natazama chini ya kitanda,
mfuko bado uko begani.